Moto, Joto na Chaji: Kidhibiti cha Betri ya Gari na Lugha ya Kukieleza



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona katika orodha ya mihadhara yetu mada inayohusu betri za magari. Mihadhara ya aina hii imezoea kushughulikia ushairi, lahaja na tamthilia. Na pale inapogusa istilahi, hutazama namna zinavyoundwa na kamati. Leo naomba tuingie gereji. Nitaeleza kifaa kimoja kidogo cha zamani, yaani kidhibiti cha chaji ya betri, na hasa namna kilivyoathiriwa na joto na baridi. Kisha nitauliza kama Kiswahili tunachokifundisha kinamwezesha fundi kukieleza bila kupotosha. Dai langu nalitoa mapema ili mpate kulipima tunapoendelea. Majina ya vitu tunayo, pengine hata kupita mahitaji. Kinachotusumbua ni maneno machache ya kila siku, kama moto, kuchemka, maji na kiangazi, ambayo ndani ya betri hubeba dhana mbili zinazopingana. Fundi anayefikiri kwa maneno hayo bila kuyachambua huharibu mali, na wakati mwingine humwunguza mtu.

1.0 Kwa nini Unyambwa

Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, katika uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Nimeichagua kwa sababu hali yake ya joto na baridi inakidhi mada. Alfajiri ya Juni au Julai, upepo unapovuma juu ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 15 za selsiasi. Mchana wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, hukaribia nyuzi 30 au kuzipita. Na chini ya boneti ya gari lililotoka kupanda mlima, nyuzi 50 si jambo la ajabu. Aidha, Singida ni njia panda ya Dodoma, Arusha na Mwanza. Lori lililoondoka huko alfajiri ya baridi kuelekea Nzega huteremka mlima Sekenke na kuingia bonde la Wembere, ambako jua la adhuhuri hulikuta na joto jingine kabisa. Betri ni ile ile na kidhibiti ni kile kile, ila mahitaji yamebadilika ndani ya siku moja.

Hapa pana mtego wa kwanza wa lugha, nao haumo katika fizikia bali katika kalenda. Vitabu vya maelekezo vilivyokuja na magari kutoka Uingereza na Marekani viligawa mwaka katika majira ya baridi na majira ya joto. Mazoea yetu ya kutafsiri yameyaita majira ya joto ya Ulaya “kiangazi”. Lakini kiangazi kwa Mswahili ni wakati usio na mvua. Kwenye uwanda wa Singida, wakati usio na mvua huanza karibu na Mei na kuishia Oktoba au Novemba, na katikati yake mna Juni na Julai, miezi ya baridi kuliko yote. Mtu akitafsiri “punguza chaji wakati wa kiangazi”, na dereva wa Unyambwa akatii, atapunguza chaji wakati hasa ambapo betri inahitaji kuongezewa. Tafsiri haina kosa la sarufi, na kamusi inaiunga mkono. Anayeumia ni mwenye gari.

2.0 Betri inataka nini

Betri ya risasi na asidi ilitokana na kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859. Ndani yake mna sahani za risasi na sahani zilizopakwa oksidi ya risasi, zimezamishwa katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na maji. (Risasi hapa ni ile metali laini na nzito, ile ya bunduki imerithi jina kwayo.) Kila chumba hutoa volti 2 hivi, na vyumba sita hufanya betri ya volti 12. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalipotolewa na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake, betri ikawa kiungo cha lazima, na suala la kuirudishia umeme ilioutumia likawa la lazima pia.

Kuirudishia umeme si sawa na kujaza mtungi. Dainamo inapaswa kuisukuma betri kwa volti zinazozidi zake. Zikizidi kidogo mno, sahani hazirudii hali yake kamili. Chumvi ya risasi na salfuri hubaki juu yake, ikakomaa na kuwa ngumu, na betri ikafa polepole kwa njaa. Zikizidi mno, umeme wa ziada hauna tena sahani ya kubadili, hivyo huyapasua maji kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, zinazotoka kwa mapovu. Kizingiti baina ya hali hizo mbili, kwa betri ya volti 12 yenye nyuzi 25, ni kama volti 14.4.

Kizingiti hicho hakikai mahali pamoja, na hilo ndilo kiini cha mhadhara huu. Kwa kila uzi mmoja wa joto unaoongezeka, hushuka kwa kiasi cha volti 0.02, kwa kila uzi unaopungua, hupanda kwa kiasi hicho hicho. Tukiitoa betri kwenye nyuzi 15 za alfajiri ya Unyambwa na kuifikisha kwenye nyuzi 50 chini ya boneti, kizingiti kitakuwa kimehama kwa volti 0.7. Mtu aweza kudhani ni kidogo. Lakini betri inapokaribia kujaa, volti 0.7 ndizo zinazoamua kama itabaki na njaa au itapoteza maji.

Ubaya unazidi kwa sababu mambo haya huzaana. Betri yenye joto hupokea mkondo mkubwa zaidi kwa volti zile zile. Mkondo mkubwa huipasha joto. Joto hilo hushusha kizingiti, na mkondo hukua tena. Safari ndefu ya mchana, taa zikiwa zimezimwa, iliweza kuimaliza betri ambayo asubuhi ilikuwa nzima.

3.0 Mkono wa fundi na utepe wa metali mbili

Katika magari mengi ya miaka ya 1910 hadi 1930, mdhibiti alikuwa mtu. Dainamo ilikuwa na brashi ya tatu iliyoweza kusogezwa: ukiisogeza upande mmoja mkondo huongezeka, upande wa pili hupungua. Brashi hiyo ilidhibiti mkondo tu, wala haikujua hali ya betri. Ndiyo maana madereva wa Marekani, katika safari ndefu za wakati wa joto, walishauriwa kuwasha taa kubwa mchana kweupe ili umeme wa ziada upate pa kwenda. Baadhi ya dainamo za kampuni ya Remy zilipewa msaidizi: swichi ndogo iliyojifungua yenyewe joto la dainamo lilipofika kama nyuzi 80, ikapunguza mkondo. Gari baridi lilichajiwa kwa nguvu, gari moto kwa upole. Lakini swichi ile ilipima joto la dainamo, si la betri, nayo ilikuwa na hatua mbili tu, ya juu na ya chini.

Kuanzia miaka ya 1930 magari ya Uingereza yalianza kutumia kisanduku cha kampuni ya Lucas, ambacho wengi wa rika langu tulikiona katika Land Rover na malori ya zamani. Ndani yake mlikuwa na vifaa viwili vinavyofanana kwa sura. Kimoja kiliikata betri na dainamo injini iliposimama, umeme usije ukarudi kinyumenyume. Cha pili ndicho kidhibiti chenyewe. Kilikuwa na koili ya waya mwembamba wa shaba iliyounganishwa na dainamo. Volti zilipopanda, koili iligeuka sumaku yenye nguvu ya kutosha kuvuta kipande cha chuma kilichozuiwa na springi. Kipande kilipovutwa, mguso ulifunguka, ukinzani ukaingizwa katika njia ya umeme unaoipa dainamo usumaku wake, na volti zikashuka. Zikishuka, springi iliurudisha mguso, nazo zikapanda tena. Jambo hilo lilijirudia mara nyingi katika sekunde moja.

Mafundi husema kidhibiti “hukata chaji”. Wasomi wangeweza kulikosoa neno hilo, kwa kuwa chaji haikatwi bali hupunguzwa. Mimi naona mafundi wamekaribia ukweli kuliko tunavyodhani, na Kiswahili kinawapa njia ya kuufikia kabisa: kuradidi kitenzi. Kifaa cha kwanza hukata; cha pili hukatakata. Uradidi huo unabeba katika neno moja dhana ya tendo dogo linalorudiwa haraka, jambo ambalo kitabu cha ufundi hulieleza kwa sentensi nzima.

Sasa turudi kwenye joto. Shaba ikipata joto, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila uzi. Koili ikipanda nyuzi 40, ukinzani wake huongezeka kwa kiasi cha asilimia 16. Kwa volti zile zile, basi, mkondo mdogo zaidi utapita ndani yake, sumaku itakuwa dhaifu, na kipande cha chuma hakitavutwa mpaka volti zipande zaidi. Maana yake ni kwamba kidhibiti kisicho na dawa, kadiri kinavyopata joto, huiachia dainamo ipandishe volti. Betri, kama tulivyoona, yataka kinyume chake. Sumaku na betri zinavuta kamba pande mbili, na anayeumia ni betri.

Dawa ya wahandisi ilikuwa utepe mdogo wa metali mbili zilizoshikamana, uliowekwa nyuma ya springi. Namna unavyofanya kazi si ngeni kwa mtu aliyewahi kuvaa koti lenye bitana mbaya. Likifuliwa, bitana hujikunja na kufupika, kitambaa cha nje hakifupiki, na pindo lote hupinda kuelekea upande uliofupika. Metali nazo hutanuka kwa viwango tofauti: shaba ya manjano hutanuka sana, chuma chenye nikeli kidogo. (Aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka karibu hata kidogo ilimpatia Charles Édouard Guillaume Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920.) Zikishikamana, joto huupinda utepe. Katika kisanduku cha Lucas kupinda huko kulilegeza mvuto wa springi wakati wa joto na kuukaza wakati wa baridi. Springi ikilegea, hata sumaku dhaifu yaweza kukivuta kipande cha chuma, na volti hushuka. Kwa hiyo utepe ulibeba kazi mbili kwa pamoja: kuondoa kosa la shaba, na baada ya hapo kuendelea kushusha volti hadi mahali betri inapotaka.

Ulibaki na kasoro moja ambayo wahandisi waliijua. Utepe ulihisi joto la kisanduku chake, ambacho mara nyingi kilifungwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Betri yenyewe, yenye uzito na asidi nyingi, hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Fundi aliyefungua kisanduku na kukaza springi alfajiri ya Julai, kifuniko kikiwa pembeni na upepo ukikipuliza, alikuwa akikirekebisha kwa hali ambayo isingekuwapo saa sita baadaye. Ndiyo maana maelekezo yalitaka kipimo kichukuliwe haraka, kisomwe pamoja na joto la hewa ya wakati huo, na kulinganishwa na jedwali.

4.0 Maneno yanapowaka

Katika matumizi ya kawaida waya wenye umeme huitwa waya wenye moto, na betri iliyokwisha chaji huambiwa haina moto. Sitiari hii ina mantiki: moto huwaka na kuzimika, umeme nao kadhalika, na injini yenyewe “huwashwa”. Neno umeme nalo lilianza mawinguni kabla ya kuingia katika nyaya. Na Wakenya huita nguvu hiyo stima, kwa jina la mvuke. Sina ugomvi na sitiari hizi. Ila tuangalie fundi anayeambiwa kwamba betri moto itiwe moto kidogo, na betri baridi itiwe moto mwingi. Sentensi ya kwanza yasikika kama kichekesho, ya pili kama jambo la dhahiri, na zote mbili kwa sababu isiyo sahihi: msikilizaji anadhani tunasawazisha joto. Wala hatusawazishi joto. Tunapunguza volti kwa kuwa kemia ya betri imekuwa nyepesi kuamka.

Kuchemka kunapotosha zaidi. Betri inayotoa mapovu husemwa kuwa “inachemka”, kama sufuria ya chai. Lakini maji hayo yaweza kuwa na nyuzi 35 tu. Mapovu si mvuke, ni haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko ambao cheche moja hutosha kuulipua. Mtu aliyelelewa na neno kuchemka huogopa kuungua kwa mvuke na kuinua kifuniko kwa tahadhari, huku njiti ya kiberiti ikimmulikia mkononi. Tungesema betri “inatoa gesi”, tungekuwa tumetumia maneno mawili yanayojulikana na kila mwanafunzi, na hatari ingejitaja yenyewe.

La tatu ni maji ya betri. Jina hili hutumiwa kwa vitu viwili: maji safi yaliyokenekwa, na asidi iliyochanganywa tayari. Betri iliyotoa gesi imepoteza maji peke yake. Asidi haikuondoka, na kila tone la maji linalotoka huiacha iliyobaki ikiwa kali zaidi. Inayohitajika, basi, ni maji safi. Mteja akiomba maji ya betri dukani akapewa chupa ya asidi, ataongeza ukali juu ya ukali, sahani zitaliwa, na kesho betri itasemwa kuwa ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Sitaki hata kufikiria mtoto anayeikuta chupa iliyoandikwa “maji”. Na suala hili linahusu joto moja kwa moja: kwa nchi za joto watengenezaji wengi wa zamani walielekeza asidi iwe nyepesi, yenye uzito mahususi chini ya 1.250 badala ya karibu 1.280 wa nchi za baridi, kwa sababu joto huongeza ukali wa asidi dhidi ya sahani. Asidi ya ziada huifuta hadhari hiyo kwa mmiminiko mmoja.

5.0 Istilahi ya kufidia

Kazi ya istilahi katika Kiswahili ina historia ya kuheshimika. Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kutokana na kazi hiyo tuna jotoridi, neno linaloelekea kuunganisha joto na baridi, na sambamba nalo halijoto. Waandishi hawajaafikiana juu ya lipi litumike. Binafsi nalipenda jotoridi, kwa kuwa linakumbusha kwamba baridi nayo ni kipimo kwenye ngazi ile ile. Lakini lolote kati ya mawili latosha, mradi litofautishwe na joto lenyewe. Betri kubwa ya lori na betri ndogo ya pikipiki zaweza kuwa na jotoridi moja, ilhali ya lori imehifadhi joto jingi zaidi na itachukua muda mrefu zaidi kupoa.

Mashaka yangu yako kwenye kazi ya ule utepe. Tafsiri ya haraka ingeuita utepe wa “fidia ya jotoridi”. Fidia, kwa Mswahili, hulipwa baada ya hasara: nyumba imebomolewa, shamba limechukuliwa, mwenye mali analipwa. Utepe haulipi hasara, bali huizuia isitokee. Mwanafunzi wa ufundi akisikia fidia atatafuta wapi hasara ilipotokea, na hataiona. Napendekeza tuache kutafuta nomino, tutumie muundo ambao Kiswahili kimeulea karne nyingi: kadiri jotoridi la betri linavyopanda, ndivyo volti za kuichaji zinavyopaswa kushuka. Hapo hamna istilahi mpya, na uhusiano wote wa kinyume umo. Nomino ikihitajika kwa ajili ya faharasa, “urekebishaji kwa jotoridi” itatosha.

Mtu aweza kuniuliza faida ya haya yote, maana dainamo zilianza kuipisha alteneta katika miaka ya 1960, na utepe wa metali mbili ukafuatwa na vidhibiti vya kielektroniki. Jibu liko juu ya mapaa ya bati. Betri za risasi na asidi zingali zinatumika pamoja na paneli za sola vijijini, nazo hukaa katika vyumba ambavyo mchana hupata joto kali na usiku hupoa. Vidhibiti vingi vya sola hufanya kazi ile ile ya kisanduku cha Lucas, na vilivyo bora huja na waya mdogo wenye kihisio mwishoni. Kihisio hicho kisipounganishwa, kidhibiti hudhani kwamba betri daima ina nyuzi 25, au husoma joto la ukuta kilipopigiliwa. Ni kasoro ile ile iliyokuwa nyuma ya injini.

Karatasi ya maelekezo ya vifaa hivyo huandikwa kwa lugha ya kigeni. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi mjini Singida, au fundi wa Unyambwa ambaye hakupita chuo chochote, atategemea mtu amweleze kwa Kiswahili. Nimejaribu kuandika sentensi ambazo ningependa zibandikwe juu ya kifaa, nanyi mnaweza kuzisahihisha: Waya huu ufungwe kwenye ubavu wa betri, usiachwe ukutani. Betri ikitoa gesi, usisogeze moto wala sigara, punguza volti. Ikipungukiwa, ongeza maji safi yaliyokenekwa, usiongeze asidi.